Ubao uliowatoa watu majini: kisa cha Corona del Mar, Juni 1925

Jumapili ya tarehe 14 Juni 1925, alfajiri, kundi la marafiki lilikuwa limepiga kambi ufukweni Corona del Mar, kusini mwa Los Angeles, Marekani. Lililowapeleka huko ni moja tu: kupanda mawimbi kwa mbao. Mmoja wao alikuwa Duke Kahanamoku, mzaliwa wa Honolulu, Hawaii, ambaye wakati huo alikuwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki na mbili za fedha, zote za kuogelea. Wengine waliotajwa sana katika kisa hiki ni Gerard Vultee, aliyekuja kuwa mhandisi wa ndege mwenye jina, na Owen Hale.

Bahari ilikuwa imechafuka. Wakiwa pale waliona boti ya uvuvi iitwayo Thelma ikihangaika kwenye mlango wa bandari ya Newport. Wimbi likaipiga, ikapinduka, na watu wote wakamwagika baharini.

Duke alikamata ubao wake akaingia majini. Akaenda, akarudi na watu. Akaenda tena, akarudi tena. Peke yake aliwatoa wanane. Wenzake, nao kwa mbao zao, waliwatoa wanne. Watano walikufa.

Magazeti yalikipokea kisa hiki kwa shangwe, na mkuu wa polisi wa Newport alisema ule ulikuwa uokoaji uliopita uwezo wa binadamu. Tangu hapo kinasimuliwa hivyo: mtu mmoja mwenye mwili wa ajabu dhidi ya bahari iliyokasirika. Sina ugomvi na sifa hizo, Duke alizistahili. Lakini sifa ya namna hiyo ina kasoro moja kubwa, kwamba haimfundishi mtu kitu. Kama jambo limepita uwezo wa binadamu, basi sisi wengine tupige makofi twende zetu. Ukikichambua kisa chenyewe unakuta mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyajua na kuyafanya, na kubwa kuliko yote ni uamuzi uliochukua sekunde chache pale mchangani. Bingwa wa kuogelea alikataa kuogelea.

Mahali penyewe

Newport ni hori lililotengwa na bahari kwa ulimi mrefu wa mchanga, rasi ya Balboa. Maji ya hori huingia na kutoka kupitia upenyo mmoja, na upande wa pili wa upenyo huo ndipo ilipo Corona del Mar. Leo upenyo una kuta mbili ndefu za mawe zinazoelekea baharini na njia iliyochimbwa katikati. Mwaka 1925 haukuwa hivyo. Kazi ya kuweka mawe ilikuwa imeanza miaka ya 1910, lakini mlango ulikuwa bado wa hatari, na mafungu ya mchanga yalikuwa jambo la kawaida.

Fungu la mchanga ndilo linaloligeuza wimbi kuwa adui. Wimbi likiwa kilindini ni kilima cha maji kinachopita. Boti hupanda, hushuka, basi. Likifika penye kina kinachokaribia kimo chake, sehemu ya chini hukwama na ya juu huendelea, nalo huvunjika. Kwa makadirio, wimbi la mita 3 huvunjika penye maji ya mita 4 hivi. Maji yakiwa yanatoka, mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu hori lote hujimwaga kwenye upenyo uleule, na mkondo unaotoka hugongana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia. Wimbi likikutana na mkondo wa namna hiyo hubanwa, likasimama wima na kuvunjika mapema.

Halafu kuna majira. Juni ni baridi kali kusini mwa dunia, na dhoruba za huko husukuma mawimbi yanayosafiri maelfu ya kilomita hadi California, kwenye fukwe kama hizi zinazotazama kusini. Mawimbi ya safari ndefu huja kwa mafungu: makubwa matatu, manne, pengine sita, yakifuatana. Yakishapita, bahari hutulia kwa dakika kadhaa kana kwamba hakukuwa na kitu. Utulivu huo umewaponza manahodha wengi kwenye milango ya namna hii duniani kote. Mtu anatazama, anaona maji yamelala, anatia moto injini. Akiwa katikati, mfululizo unaofuata unainuka mbele yake, na hapo hawezi kugeuka wala kusimama.

Wavuvi wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa hili. Anayepitisha ngalawa kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi, maji yakipwa, hukaa nje kwanza, akayahesabu mawimbi, ndipo akaingia.

Sasa mweke hapo mpanda mawimbi. Nahodha analikimbia fungu la mchanga; mpanda mawimbi analifuata, maana pasipovunjika wimbi yeye hana mchezo. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanya kila asubuhi, kabla ya kulowa hata kidole, ni kukaa akitazama. Wimbi linavunjikia wapi? Mfululizo una mawimbi mangapi, na unakawia kiasi gani kabla ya mwingine? Maji yanayosukumwa ufukweni yanarudi baharini kwa njia ipi? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Mkondo unaorudi baharini, ambao kila mwaka huwachukua waogeleaji wasioujua, ndio njia ambayo wapanda mawimbi huitumia kutoka nje bila kupigana na povu.

Kumbe basi, Thelma ilipopinduka, pale ufukweni kulikuwa na watu ambao kazi ya kuisoma sehemu ileile ilikuwa ndiyo starehe yao. Walioizoea Corona del Mar walijua waingilie wapi, na wangoje nini kabla ya kuingia. Sidhani kama mwokoaji aliyeitwa kutoka mjini, hata angekuwa hodari namna gani, angeweza kuununua ujuzi huo njiani.

Kwa nini bingwa hakuogelea

Mwaka mmoja kabla, kwenye Olimpiki za Paris, Duke alikuwa wa pili katika mita 100, nyuma ya Johnny Weissmuller. Mwaka 1912 kule Stockholm, na tena mwaka 1920 kule Antwerp, alikuwa wa kwanza. Katika watu wote waliokuwa California asubuhi ile, ni wachache mno ambao wangeweza kumfikia mtu anayezama haraka kumshinda yeye. Kama uokoaji ni mbio, huyo ndiye mtu wa kutupwa majini.

Lakini kufika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi na mtu, na hapo mbio hazina msaada mkubwa. Mtu anayezama hasubiri kuokolewa. Anashika chochote kilicho karibu na kukikandamiza chini ili yeye apande juu. Kilicho karibu kikiwa ni shingo yako, mnazama wawili. Muogeleaji hodari anaweza kumvuta mtu mmoja aliyetulia, kwenye maji yaliyotulia, kwa umbali wa kadiri. Kwenye mawimbi yanayovunjika, akiwa na mtu aliyevaa nguo nzito na viatu na ambaye roho imeshafika kooni, mkono mmoja unabaki wa kuogelea na mwingine wa kupigana.

Chukua hesabu ya ubao. Mbao za miaka ile zilikuwa kipande kizima cha mti, mara nyingi aina ya redwood, zenye urefu wa mita 3 na uzito ambao kijana wa leo asingeukubali. Tuseme ubao wa kilo 45. Redwood kavu ni nyepesi kuliko nusu ya uzito wa maji, kwa hiyo ubao wa kilo 45 una ujazo wa lita 100 na zaidi kidogo, na unaweza kubeba kilo 55 hivi kabla haujazama wote. Kwa mtu mzima aliyelala juu yake, kilo 55 ni kidogo. Ila mtu aliye majini habebwi uzito wake wote, kwa sababu mwili karibu unaelea wenyewe. Kinachohitaji kuinuliwa ni kichwa na mabega, yaani kilo chache tu. Ubao mmoja, uking'ang'aniwa na watu wawili au watatu waliobaki na miili yao majini, unawatosha wote. Ndiyo maana mtu mmoja aliweza kurudi na zaidi ya mtu mmoja kwa safari moja.

Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Kichwa cha muogeleaji kiko sawa na uso wa maji, na katikati ya mawimbi mawili haoni chochote ila ukuta wa maji mbele na ukuta wa maji nyuma. Aliyelala kifudifudi juu ya ubao kichwa chake kiko juu zaidi. Akipandishwa na wimbi anatupa jicho, anaona vichwa viko wapi na vingapi, na kipi kimeanza kupotea.

Tena wakati wa kurudi, wimbi lilelile lililoipindua boti linakuwa msaada. Unaielekeza pua ya ubao ufukweni, unaushikilia usipinde, na linakusukuma.

Namna ya kumkaribia mtu nayo ina ufundi, na leo hufundishwa kila mahali penye waokoaji wa mbao. Humwendei moja kwa moja. Unashuka upande wa pili, ubao ukiwa katikati yenu, kisha unausukuma mpaka ubavu wake umguse kifuani. Anaukumbatia ubao badala ya kukukumbatia wewe. Unamshika kifundo cha mkono kilichovuka upande wako na kukibana dhidi ya mbao. Hapo hata akizirai haendi popote. Baada ya hayo ndipo mnazungumza, kama ana sauti.

Lazima niseme na upande wa pili, maana wapenzi wa mchezo huu hupenda kuuruka. Ubao wa kilo 45 kwenye maji yanayovunjika ni gogo linalorushwa. Ukimponyoka mwenyewe unaweza kumvunja taya yeye au yule aliyekuja kuokolewa. Mwaka 1925 mbao hazikuwa na pezi chini. Tom Blake, mpanda mawimbi wa Marekani, ndiye aliyeliweka, mwaka 1935. Wala hazikuwa na kamba ya kuufunga mguuni, ambayo ilikuja miongo kadhaa baadaye. Kuutoa ubao wa namna hiyo nje kwenye mawimbi makubwa ni kazi ya mtu aliyeifanya tangu utotoni. Duke alikulia Waikiki, ufukwe wa Honolulu, na mwaka 1911 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya Hui Nalu huko. Mwezi Desemba 1914 na miezi iliyofuata alikuwa Australia akiwaonyesha watu wa Sydney mchezo huu kwa ubao aliouchonga palepale. Kwa hiyo ninaposema kifaa kilifanya kazi, nina maana ya kifaa mkononi mwa anayekijua. Ungempa bingwa wa Paris aliyekuja kwanza, Weissmuller mwenyewe, ubao uleule bila mazoea, huenda tungehesabu maiti sita.

Kilichokuwapo kabla

California haikuwa bila waokoaji. Miaka 18 nyuma, mwaka 1907, kijana mwingine wa Hawaii, George Freeth, alikuwa amehamia huko, akapanda mawimbi mbele ya umati na kuwafundisha vijana kuokoa watu. Mwezi Desemba 1908, kule Venice, ufukwe wa Los Angeles, aliruka baharini kwenye dhoruba mara kadhaa kuwaokoa wavuvi wa Kijapani, na baadaye akapewa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani. Freeth aliogelea. Alifariki mwaka 1919 kwa homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia, akiwa na umri wa miaka 35.

Vifaa vya kazi vya siku zile vilikuwa mashua ya makasia, kamba, na boya la bati lililofungwa kamba na kuvutwa na muogeleaji. Mashua ya makasia ni nzuri, lakini inataka watu wa kuisukuma majini na wa kupiga makasia, na kwenye mawimbi yanayovunjika hupinduka kama boti nyingine yoyote. Ubao hupita mahali ambapo mashua haipiti, na mtu mmoja anatosha.

Mbao hizo zilikuwapo fukweni kwa karibu miaka ishirini, zikionwa kama vitu vya michezo. Mtu aliyezibeba alikuwa mtalii, au kijana asiye na kazi, au Mhawaii wa kupiga naye picha. Duke mwenyewe Hollywood ilimpa visehemu vidogo vya chifu na mtu wa mwituni. Nyota ya Olimpiki haikumfungulia mlango mkubwa kuliko huo. Ilibidi watu 12 watoke majini wakiwa hai ndipo ubao utazamwe kwa jicho lingine.

Kwa sifa yao, waokoaji wa fukwe walikisoma kisa vizuri kuliko waandishi wa magazeti. Hawakuanza kutafuta waogeleaji wenye miili ya Duke, walianza kuweka mbao kwenye vibanda vyao. Katika miaka iliyofuata Blake alitengeneza ubao wenye uwazi ndani, mwepesi kuliko ule wa mbao nzima na unaobeba zaidi, akapata hataza yake mwaka 1932, na aina hiyo ikaenea kwenye vikosi vya uokoaji. Duke alipoulizwa aliwezaje, alijibu kwa maneno machache tu kwamba kazi ilifanyika na hilo ndilo la maana. Waliomuuliza walitaka hadithi ya nguvu.

Kwetu huku, habari ya mtu kuzama mara nyingi ina maiti ya pili: ndugu au rafiki aliyemfuata. Alijua kuogelea, aliruka, hakurudi. Hakuna ubao wa Hawaii pale ufukweni, ni kweli. Ila karibu kila mahali pana dumu la lita 20. Likiwa tupu na limefungwa kifuniko barabara, lina uwezo wa kuinua karibu kilo 20, zaidi ya mahitaji ya mtu mmoja kuweka kichwa juu ya maji. Lirushe likiwa na kamba. Kama lazima uingie, ingia nalo, liwe katikati yako na yeye.

Wale watano

Uokoaji unaosifiwa kwa wale waliotoka hauna budi kuulizwa pia kuhusu wale waliobaki. Bahari ya Newport mwezi Juni kwa kawaida ni ya nyuzi 17 au 18, baridi ya kumkata pumzi mtu dakika ya kwanza akaingiza maji kifuani kabla hajaanza hata kupigana. Muda wa mtu asiyejua kuogelea kwenye povu huhesabiwa kwa dakika. Safari moja ya kwenda na kurudi na ubao ilikula sehemu kubwa ya muda huo. Kila aliyechukuliwa kwanza alimaanisha kuna aliyengojea. Hakuna ustadi wa kuokoa unaoondoa hesabu hiyo. Inayoiondoa ni boti kutokupinduka.

Na hapo ndipo funzo la pili lilipochelewa. Mbao zilinunuliwa haraka kwa sababu ni rahisi. Mlango wa bandari ulibaki vile. Mwaka uliofuata, 1926, kijana aitwaye George Rogers alikufa maji kwenye mlango uleule baada ya boti yake kupinduka. Baba yake alitumia miaka iliyofuata akisukuma mji na serikali kuu wautengeneze. Fedha zilipatikana, kuta za mawe zikarefushwa, njia ikachimbwa, na bandari ikazinduliwa mwezi Mei 1936.

Uchimbaji ule uliondoa fungu la mchanga, na fungu lilipoondoka, mawimbi ya kupanda yakaondoka nalo. Corona del Mar, mahali ambapo mashindano ya kwanza ya Pwani ya Pasifiki yalifanyika mwaka 1928, ikafa kama ufukwe wa mchezo huo, na wenyewe wakahamia San Onofre, ufukwe mwingine kusini zaidi. Sioni dhuluma hapo. Kilichokuwa kinawafurahisha hawa ndicho kilichokuwa kinawaua wale, na ukichagua usalama wa boti unachagua na maji yaliyolala.

Bahari, hata hivyo, ilihamishia fujo upande wa pili. Mawimbi ya kusini sasa hugonga ukuta wa magharibi wa mawe, hudunda, na kujipachika juu ya wimbi linalofuata. Mahali hapo panaitwa The Wedge, panatazamana na Corona del Mar ng'ambo ya mlango, na wimbi lake huanguka kwa kishindo karibu kabisa na mchanga, penye maji ya magotini. Mbao ndefu hapo ni balaa. Kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Oktoba, saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, hupandishwa bendera ya njano yenye duara jeusi katikati, na ubao wa aina yoyote hauruhusiwi majini. Waokoaji wenyewe, mtu akizidiwa hapo, humfuata wakiogelea, mapezi ya mpira miguuni na boya la kuvuta nyuma yao.